Hesabu Watoto Kwanza

Craig Lonergan alikuja kwangu saa moja asubuhi, hajanyoa wala hajala, akaniomba nifute picha. Hata tafadhali hakusema. "Bron, ile kitu ya jana ifute tu, yaishe," akasema, akiwa bado mlangoni na kofia kichwani, utadhani ananiomba nifute meza. Ile "kitu ya jana" ni dakika kumi na moja zilizomo ndani ya kamera yangu ya joto, na ndani ya dakika hizo Craig anataka kumpiga risasi baba yake mzazi. Picha ipo, sauti ipo. Nilimwambia sifuti hata sekunde moja, na kwamba baba yake ataiona asubuhi hiyohiyo, yeye Craig akiwa amesimama pembeni.

"Utamuua," akasema.

"Mimi? Mimi ndiye nitakayemuua?"

Nilikuwa na kikombe cha chai mkononi, na kidogo nimrushie. Niliishia kukiweka chini kwa nguvu hadi mkono wa kikombe ukabanduka. Ninacho mpaka leo, hakina mkono.

Mimi naua wanyama kwa kazi na sioni haya kulisema. Mwaka wa kumi na sita huu nazunguka mashamba ya kaskazini mwa New South Wales nikiua nguruwe, mbweha na mbwa waliogeuka mwitu. Nguruwe wetu hawa babu zao walitoroka mazizini zamani, wakazaana huko makorongoni, na sasa wakati wa kondoo kuzaa huja usiku na kumla mwanakondoo akiwa bado nusu yuko tumboni mwa mama yake. Nimeyaona hayo kwa macho yangu. Kwa hiyo nikisema nguruwe lazima afe, simung'unyi maneno. Ila afe mara moja, kwa risasi moja, hata kabla hajajua kuna nini. Anayemjeruhi mnyama na kumwacha akajifie kichakani, huyo kwangu si mtu wa kupewa bunduki. Sheria inasema hivyo pia, lakini mimi nilianza kusema kabla yake.

Kamera ya joto imeturahisishia kazi na imewaharibu wajinga wengi. Haihitaji taa. Chochote chenye uhai kinang'aa cheupe, ardhi inabaki nyeusi, na mnyama hajui kwamba anaonwa. Tatizo ni kwamba mtu akishaona doa jeupe kidole kinaanza kumwasha. Kila mwenye shamba namwambia yaleyale: kamera inakuonyesha kwamba pale pana kitu cha moto, basi. Ni kitu gani, hilo ulijue wewe. Na ukiona jike amelala na watoto, hupigi. Unakaa, unatazama, unawahesabu watoto mmoja mmoja, uhakikishe mnaweza kuwamaliza wote, maana ukimuua mama na watoto wakakimbia, watakufa njaa siku tatu nzima. Wanaume wa huku wananicheka kwa hilo. Kule klabuni wamenibandika jina, Mkunga wa Nguruwe. Craig ndiye aliyelianzisha.

Alinipigia simu mwezi wa saba, baridi imekaza. Nguruwe walikuwa wamekula wanakondoo kumi na wanne kwenye malisho ya mtoni. Nilikubali kuja na nikampa masharti yangu: mimi natafuta kwa kamera ya mkononi, yeye anapiga kwa bunduki yake yenye darubini ya joto, kibali anacho na shamba ni lake, ila hapigi mpaka niwe nimemtaja mnyama kwa jina. Akasema sawa sawa. Akajaza fomu. Palipoulizwa kama kutakuwa na mtu yeyote ndani ya malisho, akaandika hapana. Majirani wa pande zote nikawapigia mwenyewe.

"Na Mzee Clarrie?" nikamuuliza. Mzee Clarrie ndiye baba yake, ana miaka sabini na tisa, anaishi nyumba ya zamani, hatua mia mbili kutoka kwa Craig.

"Nimemwambia."

"Umemwambia mwenyewe, kwa mdomo?"

"Bron, nimekwambia nimemwambia. Unataka na cheti?"

Ningempigia mzee simu ingenichukua dakika mbili. Sikumpigia. Niliogopa kuonekana msumbufu kwa mtu ambaye tayari ananiita mkunga, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Wilaya nzima ilijua kwamba Craig na baba yake hawasemezani. Hata mimi nilijua.

Chanzo chake ni turubai. Wakati wa kondoo kuzaa, Mzee Clarrie hulala nje nao. Baba yake alifanya hivyo, na babu yake. Anatandika godoro lake jembamba lenye mfuko wa turubai, anajiingiza mle kama alivyo, mbwa wake anakaa miguuni, na alfajiri anaamka kusaidia majike walioshindwa kuzaa. Anasema nguruwe hasogei penye harufu ya mtu. Mwezi wa nne mkewe, Una, alifariki. Mwezi wa tano mzee akaanguka kule mtoni, akakaa chini nusu siku mpaka alipookotwa. Craig akasema mchezo wa kulala nje umekwisha. Mzee akasema hautakwisha. Craig akalichukua lile turubai, turubai ambalo Una alilishona viraka kwa mkono wake, akalitia moto kwenye pipa la taka mbele ya nyumba. Tangu siku hiyo hawakuambizana hata habari za asubuhi. Wiki tisa.

Kwa hiyo usiku ule Craig alikuwa na uhakika kabisa. Baba yake hana pa kulalia nje, kwa sababu yeye mwenyewe alikwishapachoma.

Tuliacha pikapu nyuma ya kilima saa tano usiku, tukashuka kwa miguu, tukalala kifudifudi kwenye mteremko. Hakukuwa na upepo kabisa. Majani yalikuwa yameganda, na ukinong'ona unasikika mpaka ng'ambo. Kondoo walikuwa wamejazana upande wa juu. Chini, karibu na ukingo wa mto, kama mita mia na hamsini kutoka tulipolala, nikaliona joto.

Lilikuwa refu, limelala, halijulikani mwanzo wala mwisho. Ubavuni palikuwa na vijoto viwili vidogo vimejikunyata, na upande wa pili kingine kikubwa kidogo. Yeyote ungemuuliza angesema jike la nguruwe na watoto. Mimi pia ndivyo nilivyodhani, sitajitia ujuzi nisiokuwa nao. Nikabonyeza kitufe cha kurekodi, kama ninavyofanya siku zote.

"Huyo," Craig akanong'ona. "Huyo ndiye mla watoto wangu. Nampiga."

"Humpigi. Ana watoto. Tunahesabu."

"Wawili na yule mwingine. Tatu. Nimekuhesabia."

"Watoto wa nguruwe hawawi watatu, Craig. Wengine wako chini yake. Tulia."

Akatulia, lakini mdomo haukutulia. Mdomo wa Craig haujawahi kutulia. Kwenye rekodi unamsikia vizuri kabisa, dakika baada ya dakika, ananung'unika kama pampu iliyoharibika. Mara baridi, mara mkunga gani huyu, mara wenzake wangeshamaliza kazi na kwenda kulala. Nikamwambia baba yake alikuwa akikaa nje hivi usiku kucha, na hakuna aliyemsikia akilia baridi. Nilikuwa namchokoza tu. Ndipo akasema yale.

"Mzee? Mzee amekwisha, Bron. Hata chooni anafika kwa kuomba Mungu. Lile turubai ningelichoma miaka kumi iliyopita. Nakwambia ukweli, nangoja tu aondoke, na mimi nipumue."

"Nyamaza," nikamwambia.

"Nakwambia ukweli."

Dakika ya tisa, kijoto kimoja kikasimama. Nilikuwa nimekikodolea macho, nikaona kimeyumba, kikanyooka, na kikawa na miguu. Miguu mirefu. Mtoto wa nguruwe ni kipipa chenye vijiti vinne vifupi, tumbo karibu liguse chini. Huyu alikuwa na miguu mirefu myembamba iliyopishana.

"Subiri," nikasema. "Craig, subiri, huyo si—"

"Nimesubiri vya kutosha. Acha nilipue."

Nikasikia kitufe cha usalama cha bunduki kimebofywa. Kama mtu hajawahi kukisikia kile kisauti kidogo gizani, wakati mwenziwe hangoji tena, sijui nimweleze vipi. Nilikuwa begani kwake. Nikanyoosha mkono nikabandika kiganja changu kizima mbele ya kioo cha darubini yake. Akaona vidole vyangu tu, vyeupe, vimejaa kote.

"Umewehuka? Toa mkono!"

"Sitoi."

"Bron, toa mkono!"

"Sitoi! Nimekwambia sitoi!"

Kamera ilikuwa bado kwenye mkono wangu wa pili. Nikaangalia tena. Yule mwenye miguu mirefu alikuwa amesogea hatua mbili. Na kutoka ndani ya lile joto refu ukatokea mkono. Mkono wa mtu, wenye vidole vitano, ukapapasa hewani, ukamshika yule mwanakondoo mguu wa nyuma na kumrudisha taratibu kifuani. Halafu kile kijoto kikubwa cha upande wa pili kikainua kichwa na masikio yake mawili. Biddy, mbwa wa Mzee Clarrie.

Nikampa Craig kamera, sikusema neno. Alitazama kwa muda. Nilichukua bunduki yake, nikatoa risasi zote, nikaziweka mfukoni mwangu.

Nilitaka kushuka nikamwamshe mzee palepale. Craig akanishika koti akilia, mtu mzima wa miaka hamsini, eti moyo wa baba una matatizo, tukimtokea gizani atakufa kwa mshtuko, asubuhi atamwambia mwenyewe, anaapa kwa kaburi la mama. Nikamwamini. Ni mara ya pili katika kazi moja nilimwamini yule mtu, na mara zote mbili nilikuwa mpumbavu. Bunduki nilibaki nayo, imefungiwa sandukuni mwangu.

Na asubuhi ndiyo hiyo, kaja kuniambia nifute.

Niliingia kwenye pikapu, yeye akanifuata na yake. Kwenye lango la shamba kuna kipipa kilichotundikwa juu ya nguzo, ndiyo posta ya akina Lonergan. Sijui nini kilinisimamisha. Niliingiza mkono, nikatoa bili ya umeme, gazeti la juzi, na kipande cha karatasi kilichokunjwa mara mbili. "Jumanne usiku kupiga nguruwe mtoni. Usitoke. C." Mzee Clarrie huchukua barua zake Ijumaa. Miaka na miaka ni Ijumaa, na Craig amekulia katika nyumba ile. Ile "nimemwambia" yake ilikuwa hii. Hatua mia mbili kati ya mlango na mlango, na mtu anaendesha gari kilomita nzima hadi barabarani ili asigonge mlango wa baba yake.

Craig aliniona nikiisoma. Hakushuka kwenye gari.

Mzee alikuwa jikoni. Jiko la kuni linawaka, na mbele yake sanduku la tufaha lenye wanakondoo wawili walegevu, wamevikwa mikono ya sweta kuukuu. Biddy kajilaza kando. Mlangoni lilining'inia turubai jipya kabisa, bado lina mikunjo ya dukani, linakauka ukungu wa usiku.

"Bronwyn!" akaniita kwa furaha. "Kaa, binti yangu. Chai ipo, mkate upo, jemu ipo. Mliwapata?" Akamwona Craig nyuma yangu. Uso ukafunga. Akarudi kwenye chupa yake ya maziwa. "Mwambie miguu yake ina matope."

"Mzee Clarrie," nikasema, "jana usiku tulikuwa kwenye malisho ya mtoni na bunduki. Ulikuwa ndani ya shabaha yake. Sikukupigia simu kabla, na kosa hilo ni langu. Mengine yako humu."

Nikaweka ile karatasi mezani, nikaweka kamera juu yake, nikabonyeza.

Alivaa miwani. Mwanzo hakuelewa anatazama nini. Kisha akamwona Biddy, akatabasamu kidogo, akagusa kioo kwa kidole. Kisha sauti zikaanza. Masikio yake si mazuri, kwa hiyo nilikuwa nimefungulia sauti mpaka mwisho, na jiko zima likajaa mdomo wa Craig. Baridi. Mkunga. Wenzangu wangeshamaliza. Craig alikuwa kando ya mlango, kofia ameishika kwa mikono miwili, anaizungusha, anaizungusha. Ilipofika "mzee amekwisha" akasema, "Bron, inatosha," nami nikamwambia akifungua mdomo tena nampeleka kituo cha polisi mimi mwenyewe. Nilikuwa sitanii, na alijua.

Ikafika "nangoja tu aondoke." Ikafika "acha nilipue." Ukafika mkono.

Picha ikaisha. Mzee Clarrie akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena.

"Irudishe nyuma kidogo," akaniambia. "Hapo pa turubai."

Nikairudisha. Akasikiliza kichwa kikiwa kimeinama, sikio karibu na kamera. Mwanakondoo mmoja akalia sandukuni, naye bila kutazama akashusha mkono, uleule, akampapasa mpaka akanyamaza.

"Mwambie nilikuwa macho," akasema.

Hapo nilishindwa. Nilipiga meza hadi jemu ikaruka. "Mwambie mwenyewe! Yuko hapo! Mtu na baba yake mmekaa wiki tisa mnaandikiana kama wezi, nusura nikazike mmoja na kumpeleka mwingine jela, na bado niwe tarishi wenu? Mwambie mwenyewe, mzee, au namwaga hii chai hapa na hamtaniona tena!"

Biddy alikuwa amesimama. Mzee akanitazama kwa mshangao, kisha taratibu akageuza kiti, miguu ya kiti ikikwaruza sakafu, mpaka akawa ana kwa ana na mwanawe.

"Nilikuwa macho, Craig," akasema. "Nilikusikia tangu mnafika. Masikio yangu siku hizi maneno hayashiki, sauti yanashika. Nikajua ni wewe. Nikasema, huyo kijana wangu anaongea. Nikajua nikitikisika utanyamaza, basi nikatulia kabisa nikusikilize."

Craig akafungua mdomo. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, hakikutoka kitu.

"Kumbe ndiyo hayo uliyokuwa unasema," mzee akasema, na akanirudishia kamera yangu.